Hodi ya Nne Iliyoigandisha Gemu ya Fundi wa Ukunda

Jua la saa nne limeshapanda juu ya paa la nyumba za wageni mjini Diani, na Alfani Mwachitsanze amechuchumaa huko paani mbele ya kiyoyozi alichokifungua. Bisibisi ameibana kwa meno. Mikono yote miwili imo ndani ya mashine hadi viwikoni, na shati limegandamana na mgongo kwa jasho.

Simu inatoa mlio wa ujumbe mfukoni. Anajifuta mkono kwenye suruali, anaitoa, anasoma, anairudisha. Kisha anaondoa bisibisi kinywani.

"Ni wale tena," anasema. "Wanautaka msimbo."

Anarudi kazini, ila sasa nati anaikaza kwa nguvu kuliko inavyohitaji.

Wale ni kampuni ndogo ya Ulaya ambayo kazi yake ni kuchukua gemu za kompyuta zilizotengenezwa na watu binafsi, na kuziandaa ili zichezwe kwenye zile mashine zinazounganishwa na televisheni sebuleni. Msimbo ni maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya. Anayeushika msimbo ameishika gemu yote. Na Alfani, fundi wa viyoyozi na friji anayeishi Ukunda, ametengeneza gemu.

Mwandishi wa makala haya aliposikia habari hiyo mara ya kwanza hakuiamini. Fundi wa viyoyozi anayeandikiwa na Wazungu kwamba kipaji chake kimeonekana? Hadithi tamu namna hiyo, katika ukanda huu wetu, aghalabu humalizika kwa mtu kuambiwa atume pesa kidogo za kufungulia faili. Basi nikaomba kuziona barua pepe. Nikawapigia simu waliokuwa wakubwa wake katika hoteli aliyowahi kuajiriwa. Nikaicheza gemu yenyewe. Yote yalikuwa kweli, na nikabaki na swali moja tu: ni nani hapa anayemwibia mwenzake?

Swali hilo, kumbe, Alfani alikuwa akijiuliza kabla yangu, na mkewe, na nusu ya mtaa wao.

Gemu yenyewe haina bunduki wala magari ya kushindana. Mchezaji ni mjumbe wa tanzia. Mtu amefariki asubuhi upande wa Msambweni, maziko ni baada ya sala ya adhuhuri, na mjumbe ametumwa kwa pikipiki awafikishie habari jamaa walioko mbali. Kila nyumba anabonyeza kitufe, na sauti inasema, "Hodi!" Akiitikiwa, anaingia, anasalimia kwanza, anakaa, anaulizwa habari za atokako, ndipo anasema lililomleta. Akilibwaga kabla ya salamu, mwenye nyumba anaanguka kwa mshtuko na nusu saa yote inapotea katika kumpepea.

Asipoitikiwa, anapiga hodi ya pili. Kisha ya tatu. Hodi tatu bila jibu, mgeni mwenye adabu anageuka na kwenda zake. Ndivyo dini inavyofundisha na ndivyo watu wa hapa walivyolelewa. Gemu haimwambii mchezaji kanuni hiyo popote.

"Ningemwambia ya nini?" Alfani anauliza. "Nani asiyeijua?"

Alijifunza kuandika programu peke yake, kwa laptopu aliyoinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akihama kutoka ufuo wa Galu. Ilikuwa na ufa kwenye kioo. Kwa siku yenye kazi hurudi nyumbani na shilingi elfu moja na mia tano hivi, na zipo siku za msimu mbaya wageni wanapoadimika na hakuna anayejali kama chumba kina joto. Siku hizo ndizo zilizozaa gemu. Alipoimaliza aliiweka kwenye mtandao, aipakue atakaye, bure.

Barua ya kwanza ilitoka kwa mwanamke aitwaye Marit, wa hiyo kampuni ya Ulaya. Alisema ameicheza gemu hadi mwisho na amelia. Alitaka kuipeleka kwenye mashine za sebuleni, na mapato wagawane.

Alfani hakujibu.

"Mtu hukujui, umekaa kwenu, unaniambia umelia," anasema. "Mimi nikaona huyu ananitega."

Barua ya pili hakuijibu vilevile. Ya tatu alimwonyesha mkewe, Twaiba, ambaye huuza mahamri na viazi vya karai karibu na stendi ya Ukunda na ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, haamini hata mizani ya muuza nyanya.

"Nilimwambia mwulize anakutaka wewe au anaitaka gemu," Twaiba anasimulia huku akigeuza mahamri kwenye karai. "Nikamwambia, akikuomba picha yako, mwisho wa maneno."

Marit hakuomba picha. Aliomba anwani. Baada ya wiki kadhaa likaja boksi kutoka ng'ambo, ndani yake mashine nyeusi ya kuchezea gemu, ya aina wanayopewa watengenezaji kwa ajili ya majaribio. Hapo ndipo mtaa ulipoamka.

Ilisemekana Alfani ameingia frimasoni. Wapo walioapa kwamba boksi lilikuwa likitoa joto. Jirani mmoja alimwita mtoto wake arudi ndani kila Alfani alipopita. Twaiba naye hakukubali boksi livuke kizingiti kabla ya kulisomea Ayatul Kursiy. Alilisomea barazani, mchana kweupe, kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwa akichungulia dirishani.

"Niliisomea mashine na niliwasomea wao," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Kazi yenyewe haikuwa ya kichawi hata kidogo. Maandishi yanayosomeka vizuri kwenye laptopu hayasomeki ukiwa umekaa kwenye kochi mbali na televisheni, kwa hiyo ilibidi yakuzwe yote. Amri zilizokuwa zikitolewa kwa kibodi zikahamishiwa kwenye vitufe vya padi ile ya kushika mkononi. Alfani alikuwa akirudi kutoka kazini, anaoga, anakula, anakaa chini. Barua zikienda na kurudi, shaka ikaanza kulegea. Marit hujibu haraka, na akikosea huomba radhi.

Halafu ukaja ule ujumbe ulioharibu kila kitu.

Gemu yoyote haiuzwi kwenye mashine hizo mpaka wanaozitengeneza waikague, na masharti yao ni magumu. Mojawapo ni kwamba gemu isigande kamwe, mchezaji afanye atakalo. Gemu ya Alfani iliangushwa. Wakaguzi waliandika kwamba inaganda kwenye mlango wa mwisho: mchezaji anapiga hodi, kisha picha inasimama, sauti inakatika, na mashine haina la kufanya ila kuzimwa.

Alfani akafungua gemu. Akaenda hadi mlango wa mwisho. Akapiga hodi tatu, hakuitikiwa, mjumbe akageuka, gemu ikaisha kama inavyotakiwa. Akarudia. Akampa Twaiba acheze. Akawapa mafundi wenzake, akampa imamu wa msikiti wa karibu, ambaye aliicheza kwa makini sana na kuisifu kwa adabu zake. Haikuganda hata mara moja.

Akamjibu Marit kwamba hakuna hitilafu. Marit akasema wakaguzi wameirudia na imeganda tena. Kama Alfani haioni, basi awatumie msimbo, wenyewe wataitafuta na kuirekebisha. Na afanye haraka, kwa sababu gemu inatakiwa kurudi kwa wakaguzi kabla ya mwisho wa mwezi. Ikipita hapo, kampuni itaendelea na gemu za watu wengine, na ya kwake itakuwa imekufa.

"Sasa wewe tazama," Alfani ananiambia siku ile juu ya paa, akihesabu kwa vidole vyenye grisi. "Gemu haina ugonjwa. Wao wanasema inao. Dawa yake ni mimi niwape msimbo wote. Wewe ungefikiri nini?"

Ningefikiri alivyofikiri. Na nilipomwandikia Marit kumuuliza, jibu lake halikunituliza: alisema hajui kwa nini inaganda, na kwamba pengine mlango ule wa mwisho ufunguke tu, kwa kuwa wachezaji wengi wanatamani ufunguke. Nikamsomea Alfani maneno hayo kwenye simu. 

"Umeona?" akasema. "Wanautaka mlango wangu."

Kwa nini mlango mmoja wa kuchora umkere mtu kiasi hicho, hilo sikulielewa wakati ule.

Aliyefumbua fumbo la kuganda hakuwa mkaguzi wala fundi. Ni Ngui, kijana wa Kikamba ambaye wazazi wake walipewa shamba na serikali katika mpango wa makazi huko ndani, mbali na ufuo, na ambaye sasa ana kibanda cha gemu Ukunda chenye televisheni kubwa na makochi yaliyochanika. Alfani alikuwa amempelekea gemu aijaribu. Nami nilikuwapo, nimekaa kwenye kochi lililobonyea, nikingoja kumwona akiicheza bila tatizo kama wengine.

Ngui alicheza huku anatafuna miraa. Salamu zilimchosha. "Manze, hawa wazee wanasalimiana hadi lini?" Hata hivyo akafika mlango wa mwisho. Akabonyeza hodi. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Tena. Mjumbe akaanza kugeuka.

Na Ngui akabonyeza tena.

Picha ikasimama. Mjumbe alibaki ameupa mlango bega, mguu mmoja hewani. Sauti ya kunguru iliyokuwa ikisikika nyuma ikakatika ghafla, na kibandani tukabaki na mngurumo wa feni.

"Imehang," Ngui akasema. "Si mimi."

"Umefanya nini?" Alfani akasimama.

"Nimebonyeza hodi, bro. Hawakuwa wananisikia."

"Mara ngapi?"

"Sijui. Nne? Mtu akikosa kukusikia si unabisha tena?"

Alfani aliichukua ile padi kwa Ngui, akaiangalia kana kwamba hakuwahi kuiona. Kosa lilikuwa la kweli. Wazungu hawakusema uongo. Alikuwa ameandika la kufanya kwa hodi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hodi ya nne hakuiandikia kitu, si kwa kusahau, bali kwa sababu haikumjia akilini kwamba yupo kiumbe atakayeipiga. Kompyuta ilipoulizwa jambo ambalo haikufundishwa, ikaganda. Na watu wote aliowapa waijaribu walikuwa ni watu wa hapa, ambao vidole vyao viliachia kitufe baada ya tatu bila hata kufikiri.

Mimi nilicheka. Nilidhani mambo yameisha. Ngui alicheka pia, akaomba alipwe soda kwa utaalamu wake. Alfani hakucheka. Alikaa chini kwenye kochi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea habari mbaya.

Kuirekebisha, kwa ufundi, ni kazi ya alasiri moja. Ni kuandika tu kwamba baada ya hodi ya tatu kitufe kisifanye kazi tena. Siku zikapita hakuandika. Marit akauliza, hakujibiwa. Twaiba akaanza kumshuku mumewe: huenda amepata kampuni nyingine, huenda ameshauza kimyakimya. Ngui alishuku kwamba Alfani anaogopa kuwa tajiri. Mimi nilirudia shaka yangu ya mwanzo, kwamba kuna jambo ambalo sijaambiwa.

Lilikuwapo. Alinisimulia tukiwa tumekaa kwenye ngazi za jengo moja analolihudumia, akila muhogo wa kuchoma.

Mlango wa mwisho kwenye gemu ni wake. Ni chumba alichokuwa amepanga Ukunda miaka saba iliyopita, kabla ya kuoa. Baba yake mzazi alifariki Msambweni asubuhi moja, na ukoo ukamtuma binamu yake, Sharif, aje na pikipiki amwite. Usiku wa kuamkia siku hiyo, chumba cha baridi cha hoteli alikokuwa akifanya kazi kilikuwa kimeharibika, na Alfani alikesha akikitengeneza ili nyama zisioze. Alirudi asubuhi, akalala kama mfu, simu imezimika. Aliamka alasiri. Alipofika Msambweni watu walishatoka makaburini, na alionyeshwa udongo mbichi.

Sharif alisema alifika, akapiga hodi, hakuitikiwa, akarudi.

"Sikumwamini," Alfani anasema. "Hata siku moja."

Alikuwa na sababu, au alidhani anazo. Baba zao walikuwa na ugomvi wa shamba la mikorosho upande wa Kinondo. Siku ya msiba ndipo wazee walipokaa kuzungumza nani atalisimamia, na Alfani hakuwapo. Majirani zake wa Ukunda aliowauliza walisema hawakusikia hodi yoyote. Akajijibu mwenyewe kwamba Sharif alizunguka na pikipiki, akanywa chai mahali, akarudi na uongo wake.

Gemu ilianza hapo. Haikuwa sanaa, anasema, ilikuwa kesi. Aliichora barabara ya Msambweni hadi Ukunda, akaiweka pikipiki, akaweka muda kati ya kifo na maziko, akataka kujua kama binamu yake angeweza kufika. Akaicheza yeye mwenyewe akiwa Sharif. Kila alipoicheza alifika, na muda ukabaki. Kwa hiyo hakupata jibu. Akaongeza nyumba nyingine, akaongeza salamu, na mwaka hadi mwaka kesi ikageuka mchezo ambao watu wa mbali wanaulilia.

"Lakini ile siku ya Ngui," anasema. Anauweka muhogo kando.

"Nimeicheza gemu ile mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Mimi ninajua ndani ya chumba kile mna nani. Ninajua kwamba amelala, ninajua kwamba babake anazikwa. Na mimi mwenyewe sikupiga hodi ya nne. Hata mara moja! Ningeipiga, ingeganda, ningejua zamani. Nilikuwa ninapiga tatu, ninageuka, ninaondoka. Kisha ninamlaani Sharif kwa hizo hizo tatu."

Macho yake yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha. Nilijuta kwa kila nililomfikiria wiki ile.

Jumamosi iliyofuata tunakwenda Msambweni. Sharif ni fundi wa pancha, ana kibanda chake cha mabati pembeni mwa barabara. Anapotuona haachi kupachika tairi. Wanasalimiana kwa kirefu, kama wanaosalimiana misibani na harusini tu: habari za nyumbani, za watoto, za afya, alhamdulillahi, alhamdulillahi. Kisha Sharif ananitazama mimi na daftari langu.

"Umekuja na mwandishi," anamwambia binamu yake. "Tuna kesi?"

"Hatuna," Alfani anasema. "Nimekuja kukuuliza jambo moja. Siku ya baba. Ulipiga hodi ngapi?"

Sharif anaiweka chini nyundo yake. Wazo langu la kwanza, nalisema waziwazi, ni kwamba anatunga jibu.

"Tatu," anasema. "Kwani hodi ni ngapi?"

"Kisha?"

"Kisha nikasimama pale. Maana nilijua umo."

"Ulijuaje?"

"Si buti zako zilikuwa mlangoni? Zile za mpira, nyeupe. Umezigeuza kichwa chini zichuruzike maji."

 Baadaye Alfani ananieleza kwamba buti zile hazikuwa zake. Ni za hoteli, alizivaa usiku ule mmoja kwa sababu ya maji ya kwenye chumba cha baridi, na kesho yake akazirudisha. Hakumtajia mtu. Hakuna aliyejua habari zake isipokuwa aliyesimama mbele ya mlango ule, asubuhi ile.

Sharif anaendelea, na sasa sauti imempanda.

"Nikasema moyoni, huyu yumo. Sauti yangu ameijua, na kwa ajili ya ile mikorosho hataki kunifungulia. Ukatuambia ulikuwa umelala. Wallahi sikukuamini, Alfani. Mtu gani analala hodi tatu? Nikasema, amemwacha babake azikwe kwa sababu ya kiburi, kisha anatuletea habari za usingizi."

"Na mimi sikuamini kwamba ulifika," Alfani anasema.

"Ninajua. Uliwaambia watu. Yalinifikia."

Mteja mwenye baiskeli anakuja, anawatazama, anaona bora aende, arudi baadaye. Binamu hawa wawili wamekaa miaka saba wakipeana mikono kwenye harusi za watu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ni mwongo, na wote wawili walikuwa wakisema kweli. Mimi kazi yangu ni kushuku, na ninajivunia kwamba ninaifanya vizuri. Siku hiyo sikujivunia.

Alfani anafungua laptopu juu ya benchi, kati ya viraka na gundi ya mpira, na kuichomekea padi. Anamweleza Sharif kila kitu: gemu, Marit, wakaguzi, mwisho wa mwezi unaokaribia. Hamfichi kwamba aliianza ili kumtia hatiani. Sharif anasikiliza akiwa amekunja uso. Kisha anafuta mikono kwa kitambaa, anakaa, anaishika padi kwa namna ya mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga, na anacheza.

Anakwenda polepole. Kwenye kila nyumba anasalimia salamu zote. Mbele ya nyumba moja anasema, "Huyu si shangazi?" Alfani anaitikia kwamba ndiye. Wanafika mlango wa mwisho.

Sharif anapiga hodi. Anapiga ya pili. Ya tatu. Mjumbe anaanza kugeuka, na kidole cha Sharif kinaachia kitufe, kama cha imamu, kama cha Twaiba, kama cha kila mtu wa hapa.

"Hapo ndipo ilipo kazi," Alfani anasema. "Wazungu wanasema ufunguke. Ngui anapiga ya nne inaganda. Nikitaka nitakizima kitufe leo hii, niwatumie, ipite. Nimeshindwa kukizima."

 Sharif anatazama barabara, kule magari yanakotoka Ukunda.

"Mimi nikitumwa na tanzia," anasema, "tangu mwaka ule huwa ninapiga nne."

"Nne?"

"Nne. Na wakinuna nawaomba radhi. Baadhi ya wazee wameshanisema. Nimewaambia, hodi ya kutembeleana ni tatu. Hii ya tanzia, mtu akinuna anune."

Alfani anageuza kichwa upande wa pili, kule kwenye matairi. Akigeuka tena, sauti yake ni ya kazi. Anasema ataandika leo. Kitufe hakitazimwa, na mlango hautafunguka wenyewe kama wanavyotaka kule Ulaya. Mchezaji akigeuka baada ya tatu, gemu itaisha kama ilivyokuwa ikiisha siku zote, na hakuna atakayemlaumu. Akipiga ya nne, ataitikiwa. Gemu itarudi kwa Marit kabla ya mwezi kwisha, na msimbo utabaki Ukunda. Ikipita, pesa za mwanzo anataka kufungulia karakana yake ya viyoyozi, aache kupandishwa mapaa ya watu na madalali wanaomtafutia kazi na kukata fungu lao. Isipopita, anasema, hodi ya nne ataiweka vilevile.

Sauti iliyomo kwenye gemu sasa ni yake mwenyewe, na anataka kuibadilisha. Anaitoa simu, anaiweka kwenye benchi ili irekodi, na anamwomba Sharif apige hodi.

Sharif anakohoa, anaona haya, anatazama kama kuna mtu anayemsikiliza.

"Nitapiga," anasema. "Lakini huko ndani ataitika nani?"

"Mimi," Alfani anasema. "Nitasema nilikuwa nimelala."